Dirisha la Kutazama Jikoni

"Kitendawili," alisema Rosario, sauti imemkauka kwa kikohozi.

"Tega," mkewe Nunziata akamjibu.

"Nina dirisha, sioni nje."

"Chumba chetu, kingine kipi?"

Wakacheka, kisha kikohozi kikakimeza kicheko.

Sheria mpya ya nyumba ilikuwa imetoka hapa New York mwaka uliotangulia: kila chumba cha giza kwenye majumba ya kupanga kitobolewe dirisha. Mwenye nyumba akaleta mwashi, ukuta ukatobolewa, dirisha likatazama jikoni. Jiko nalo liliazima mwanga kutoka chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Sheria ikatimia, giza likabaki palepale.

Na chumba cha mbele walikuwa wamempangisha Tindara, mwenye kichanga.

Jioni ile ya Februari padri alikwisha kumpaka Rosario mafuta ya mwisho. Kwao Sisilia, mtu akikata roho hufunguliwa dirisha, roho ipate njia. Ikiikosa, huzunguka mle ndani ikigonga kuta. Nunziata akaenda kubisha kwa Tindara.

"Mwanangu, nifungulie dirisha la barabarani."

"Mama, nje theluji. Huyu mtoto ana kifua. Nizike wangu ili wako apite?"

Neno lilimchoma Nunziata, ila halikuwa la uongo.

"Basi lifungue nusu."

"Baridi haijui nusu, mama. Ukiipa ufa, inaingia yote."

Hakubembeleza. Yeye mwenyewe, zamani za kulea, angejibu vivyo hivyo. Akarudi kuketi kando ya mumewe, akamshika mkono.

"Mzee wangu, nyumba hii ina watu mpaka ngazini. Hata kufa ni kusubiri zamu."

Rosario alivuta midomo kama anayetaka kucheka, pumzi ikamkatalia.

Mlango ukalia. Tindara alipita jikoni, mtoto kamfunga kifuani ndani ya koti la mumewe.

"Nashuka kwa mwoka mikate, kwenye joto la tanuri," alisema bila kusimama. "Dirisha nimeliacha wazi. Ikishakuwa, niite."

Nunziata akafungua madirisha ya ndani yaliyobaki. Upepo ukapita vyumba vyote, ukaja na harufu ya theluji na kinyesi cha farasi. Rosario akaivuta hewa hiyo taratibu, akaivuta tena, kisha hakuvuta.

Nunziata alimfumba macho. Akangoja kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi mlangoni. Halafu, kabla hajalia, akafunga dirisha la mbele, akachochea makaa jikoni mpaka chumba cha Tindara kikashika joto, ndipo akashuka kumwita mama na mwanawe.