Ubeti wa Mbao za Hori

Bibi yenu alikuwa mwalimu wa kwaya, wajukuu zangu, na mimi mwimba besi mkorofi. Ule ubeti wa Krismasi wa mbao za hori alitaka tuuimbe chini chini.

"Mbao hizo ndizo msalaba wenyewe, mzee. Mtu hushangilia msalaba wa mtoto?"

Nikisahau nikapaza sauti, ananifinya.

Sasa yuko wodini, hanijui mimi wala wanawe, na daktari amenyoosha mikono. Jana niliweka mkono chini ya vidole vyake, nikaupaza ubeti ule makusudi.

"Babu, wagonjwa wamelala," nesi akasema.

Nikapaza tena. Nifinye, mama watoto, nimekosea.

Vidole havikusogea. Basi nikauimba chini chini, kama alivyonifundisha, na machozi hayakungoja ubeti uishe.