Nafasi ya Kujibu

...Jumanne ile, tarehe kumi na nne Juni 1949, saa tatu asubuhi, Kokushubila alipokata roho, nyumba nzima ilinyamaza pamoja naye, na sasa ni wiki ya sita, mumewe, Mwalimu Ishengoma, amekaa jikoni kwake Nyanga na kisu mkononi, anamenya ndizi asizojua kuzimenya, utomvu umemganda vidoleni, na dada yake Penina, aliyefika jana kutoka Ngenge, anafunga nguo za mtoto kwenye kanga na kumwambia polepole, "Mwalimu, mtoto asiyesema nawe utamlea vipi? Nimchukue au nisimchukue?", naye anataka kusema mchukue, neno liko ulimini, kwa kuwa ni kweli, Jovitha ana miaka miwili na nusu na tangu mazishi hajamtamkia baba yake hata neno moja, ingawa kila jioni amemsimamisha ukutani kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, sema meza, sema kisu, sema mlango, kwa Kiswahili cha shule, akisema atapewa sukari guru ya dukani kwa Umedbhai, na mtoto amejifunza kufungua mdomo, basi, sukari inaingia na neno halitoki... maana chuoni waliambiwa kichwa cha mtoto ni kibao kitupu, maneno huandikwa humo kwa kurudiarudia, naye aliamini, akamkataza mkewe Kihaya mbele ya mtoto, Kokushubila akaitikia ndiyo Mwalimu, kisha akaenda migombani na mtoto mgongoni akaongea Kihaya mpaka jua likatua, akimwuliza mtoto wa miezi mitatu habari za mvua, akinyamaza kidogo, akiendelea kana kwamba amejibiwa, wanawake wa Nyanga wakacheka, mke wa Mwalimu anabishana na kichanga na kichanga kinamshinda, naye akawaambia mtoto ni mgeni, na mgeni unampa punje za kahawa atafune kwanza, humdai habari za safari hata hajakaa, mtoto hafundishwi kusema, anakaribishwa, unampa nafasi yake halafu unaingoja... huyo alisoma madarasa mawili tu, Ee Mungu, na mumewe alimsikiliza kwa upole, upole wa mtu anayejiona anajua zaidi... Penina anauliza kama sweta ni hili moja tu, ndiyo, ni hilo, na hapo uani kuna sauti, ndogo, ya Kihaya, Jovitha amechuchumaa mbele ya kuku akimpa ganda la ndizi, "Na wewe umekula?", kisha ananyamaza, kichwa amekiinamisha upande, anangoja, na kungoja kwenyewe ni kule kule kwa Kokushubila, urefu ule ule, kisha, "Haya, kula, mvua inakuja," na Mwalimu kisu kimemsimama mkononi, kwa kuwa nani amemfundisha hili, neno unaweza kumfundisha mtu, lakini kunyamaza kwa kiasi kile, kumwachia mwenzako mahali pa kuingia, hakuna kitabu cha chuo chenye somo hilo, mtoto amelichota lote mgongoni mwa mama yake, zima zima, na wiki sita hizi hakuwa bubu, alikuwa mgeni katika nyumba ambayo hakuna aliyemwuliza kitu, ameamriwa tu, sema, sema... Mwalimu Ishengoma, miaka kumi na mmoja ya kufundisha, na mwalimu alikuwa yule mwenye jembe... "Kaka, jua linapanda," anasema Penina, fundo la kanga bado mkononi, na mtoto amesimama mlangoni, anamtazama baba yake, anatazama ndizi zilizochunwa vibaya, "Tata, na wewe umekula?", ameinamisha kichwa, ananyamaza, anangoja, na Penina naye anangoja, na Mwalimu anaweka kisu chini... Ee Bwana, umpumzishe mtumishi wako Kokushubila katika nuru yako, umsikilize kama alivyowasikiliza wadogo wasio na neno, usiruhusu kazi yake ipotee mikononi mwangu, nami unifungue kinywa, sasa hivi, Bwana, mtoto anangoja. Amina.