Nani Anabonyeza Nipo

Kazini wananiita Mama Rejesta, na sikatai. Chuo chetu kinafundisha kwa mtandao tu, wanafunzi hatuwaoni kwa macho, na mimi ndiye ninayejua nani yupo na nani anatuzuga. Kila baada ya robo saa ya somo, kitufe cha "Nipo" kinatokea kwenye simu ya mwanafunzi. Ana dakika moja ya kukibonyeza. Asipobonyeza hakuwepo, na habari za mtandao kusumbua akawasimulie wajomba zake.

Darasa la ufundi wa majokofu lilikuwa na watu mia na arobaini na watatu. Ninavyowajua, wengi hubonyeza huku wakiendelea na shughuli zao. Mwingine yuko sokoni, mwingine amelala fofofo na kidole tu ndicho kiko macho. Mwalimu akiuliza kama kuna swali, hakuna anayekohoa.

Mmoja tu alininyima raha. Fomu yake ilisema ana miaka ishirini na sita, fundi msaidizi kwenye karakana ya friji, na karakana imempa hadi mwisho wa mwaka awe na cheti au atafute kazi kwingine. Wiki tatu za mwanzo alikuwa bubu kama wenzake. Wiki ya nne akaanza kuuliza, maswali akiyaandika na mwalimu akiyasoma kwa sauti.

"Lile joto linalotoka nyuma ya friji, ndilo lililokuwa kwenye chakula, au ni jingine?" Mwalimu alifurahi mpaka akalijibu kwa dakika kumi. Wiki ya tano likaja la pili: "Gesi inazunguka humo ndani miaka kumi. Haichoki?" Basi mimi, ambaye kazi yangu ni kuhesabu vichwa, nikawa nasikiliza masomo hadi mwisho nijue safari hii kaja na lipi. Siku moja nyumbani niliivuta friji kutoka ukutani nikaishika mgongo. Mume wangu akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Sasa sikia ajabu. Kazi zake za kuandika zilikuwa zinapata thelathini na moja kwa mia, mara ishirini na nane. Nilizisoma mwenyewe, na ni kweli zilistahili. Mtu anayeuliza vile anapataje ishirini na nane? Tena masomo ni saa tisa alasiri, siku za kazi. Fundi msaidizi saa hizo yuko chini ya friji ya mtu, mikono imejaa grisi, lakini kitufe changu kilikuwa kinabonyezwa ndani ya sekunde tatu, bila kukosa hata mara moja. Udadisi ukanipanda kichwani, na sioni haya kusema.

"Mwache," mwalimu aliniambia. "Ndiye mwanafunzi pekee niliye naye."

"Kama ni mwanafunzi," nikamjibu.

Kanuni iko wazi. Mtu mwingine akihudhuria kwa jina lako, unafutwa. Nikampangia kijana mtihani wa mdomo kwa video, Alhamisi, saa yake ya chakula cha mchana.

Alitokea akiwa amevaa ovaroli, kwenye sebule ndogo, nyuma yake pazia la maua. Akanisalimu kwa adabu. Mwalimu hakumzungusha.

"Chumba kimefungwa madirisha yote. Friji iko ndani, inafanya kazi, na umeacha mlango wake wazi kutwa. Chumba kitapoa?"

Kijana akajikuna shingo. "Kitapoa, mwalimu. Ila si sana."

Pazia likatikisika. "Kitazidi joto," ikasema sauti ya mtu mzima, kwa uchungu kabisa. "Joto inaloliondoa mbele inalimwaga nyuma, chumba ni kile kile, na mota inaongeza la kwake. Tulishasoma hilo."

"Baba," kijana akasema bila kugeuka, "si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Limenitoka."

Akajitokeza mzee, miwani juu ya paji la uso, daftari kwapani. Alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu. "Kijana aliniambia, Baba, wewe bonyeza tu kikitokea. Sasa binti yangu, nitakaaje mbele ya simu saa nzima nangoja kitufe, mwalimu anasema mambo ya maana, nizibe masikio?"

"Kila jioni ananieleza nikiwa nakula," kijana akasema. "Namsikiliza mpaka nusu sahani, halafu usingizi unanichukua, na kazi za kuandika naziandika mwenyewe kwa hiyo nusu niliyosikia. Madamu, friji naifungua na kuifunga nimefumba macho. Lakini kwa nini inapoza, hilo muulize Baba."

"Na mimi spana sijawahi kuigusisha friji," mzee akaongeza, kama vile hilo lingemsaidia mtu.

Kisha akasogea karibu na simu. "Nifute mimi, binti. Yeye mwache, kazi yake iko hapo."

"Mzee, wewe humo kwenye rejesta yangu. Nitakufutaje?"

Akaishusha miwani machoni. Niliona neno langu limemchoma.

Mwalimu alinisihi nifumbe jicho. Lakini kwa miaka kumi na moja rejesta yangu haijasema uongo, na sikutaka ianze na mtu ninayempenda. Nilimwandikia mwenye karakana kwamba tunafungua darasa la jioni, kijana apewe muda. Akajibu kwa maneno mawili: muhula mmoja. Ijumaa saa tisa na nusu, somo likiwa linaendelea, nikafuta jina. Ningengoja liishe ningeghairi. Nikaandika ukweli wenyewe: tangu muhula uanze, mwanafunzi huyu hajahudhuria hata siku moja.

Mwisho wa somo mwalimu akauliza kama kuna swali. Kwenye kioo changu waliohudhuria walikuwa mia na arobaini na wawili, wote wamebonyeza. Mwalimu akangoja. Alingoja mno, mpaka nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Nilikuwa nimemtoa nje mtu mmoja aliyekuwepo.

Jumatatu asubuhi nilikuta fomu mbili mpya, anwani moja. Ya kwanza ilikuwa ya kijana, darasa la jioni. Kwenye sababu ya kujiunga aliandika: "Kazini wanataka cheti." Ya pili ilikuwa ya darasa la saa tisa alasiri. Umri, miaka sitini na minane. Kazi, dereva mstaafu. Sababu ya kujiunga: "Nilikatwa mwalimu akiwa katikati ya sentensi."