Wafafanuzi wa Marehemu

Mjane alikuwa akipanga vikombe kwa ajili ya kikao cha familia wakati wanafalsafa wawili wa Kigiriki, wafu wa karne nyingi, walipoingia kwa mlango wa uani, kama kawaida yao tangu mazishi. Mumewe, mwalimu wa falsafa, alikuwa ameishi na maandishi yao miaka mingi, nao wakaizoea nyumba. Wafu wa watu walikuja kila magharibi. Wa kwake hakuja hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko kaburi lenyewe.

Mmoja wao, Mzee wa kale, alikaa dirishani. Ndiye aliyesema kwamba kilichopo kipo, ni kimoja, hakizaliwi wala hakifi. Mwenzake, Mfafanuzi, aliyezaliwa karibu miaka elfu moja baadaye, alikaa kando yake ili amsemee.

"Kimoja," alisema Mzee.

"Anamaanisha viwili," Mfafanuzi aliwaeleza kwa upole ndugu wa marehemu waliokwisha kukaa. "Kimoja huonwa kwa akili, kingine kwa macho. Wa kale husema kwa mafumbo."

"Sijafumba kitu, bwana wee!"

"Mnaona? Hata hapo anafumba."

Kaka wa marehemu aliweka kikombe chini. Alivutiwa. Wote pale walikuwa wamemsikia marehemu kitandani akisema, "Nyumba hii ni ya mke wangu."

"Kijuujuu, ndiyo," alisema kaka huyo. "Lakini kaka alikuwa msomi. Mke ni nani? Mke ni ukoo. Alimaanisha nyumba ni ya ukoo."

"Shemeji, jamani! Si ulimsikia kwa masikio yako?"

"Nilimsikia, shemeji. Ndiyo maana namfafanua."

Ndugu waliafiki. Mfafanuzi aliisifu hoja kwa mpangilio wake.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee wa kale. Hilo hakuna aliyelifafanua.

Siku ya mjane kuihama nyumba, Mfafanuzi alimsaidia mjane kufunga godoro kwa kamba. Hakuwa mtu mbaya. Zamani, vitabu vya Mzee vilipokuwa vikipotea, ndiye aliyeketi akanakili maneno yake. Bila yeye mengi yangekwenda na maji. Kwa hiyo mjane alimwomba amwandikie na ya mumewe, asije akayasahau.

Mfafanuzi aliandika neno kwa neno: Nyumba hii ni ya mke wangu. Mjane alisoma, akalia kwa kwikwi.

"Asante, baba."

"Bado," alisema Mfafanuzi. Alichovya kalamu tena kwenye wino, na chini ya maneno yale akaanza kuandika maana yake.