Vidonge na Mizizi ya Mjomba Severini

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa pale Mlali, miguu yangu ilianza kunikatalia. Jembe liliniponyoka, macho yakaona ukungu, na wenzangu wa shamba la kijiji wakaniita mvivu. Mvivu! Mimi Eufrazia, niliyeteremsha ndizi kutoka mlimani tangu utotoni! Daktari Stambuli, kule mjini, ndiye aliyegundua kuwa mwili wangu unakula ganda la mishipa yake ya fahamu. Alikuwa na vidonge vipya vya majaribio. Nikaahidi kutotumia dawa nyingine yoyote, na haukupita muda nikatupa fimbo ya kutembelea.

Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba Severini aliteremka na mizizi yake iliyochemshwa, dawa ya ukoo, nikanywa. Wewe ungemkatalia? Siku chache baadaye nilikuwa natapika, macho ya manjano.

Hospitalini nilisema ukweli. Daktari akakunja uso.

“Umeniharibia jaribio. Nenda nyumbani, vidonge hupati tena.”

Hasira zilinipanda. “Siendi! Wodi nzima hii inakunywa mizizi, wanakuficha tu. Kwani dawa yako ni ya watu wasio na wajomba? Mizizi hii hapa. Vijaribu vyote viwili, kwangu mimi!”

Mama Magdalena wa kitanda cha jirani akatoa chupa yake ya mizizi chini ya mto, akaiweka wazi. Daktari aliitazama, kisha akavuta kiti akaketi.

Alinipumzisha dawa zote hadi macho yakawa meupe. Akanipa vidonge pekee, kipimo cha damu kikawa safi. Akaongeza kijiko cha mizizi, ini likachafuka tena.

“Havipikiki chungu kimoja,” akasema. “Chagua.”

Nilichagua, nikapanda mlimani kumwambia mjomba mwenyewe. Ukoo ulikuwa umeketi, kikombe cha mizizi kimeshajazwa. Desturi ni kupiga goti, lakini magoti yale nilikuwa nimeyapata kwa taabu. Sikupiga.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Kunywa.”

“Sinywi.”

Mama zangu wadogo wakashika vinywa.

“Eufrazia, unaniaibisha mbele ya ukoo?”

“Nakuaibisha nikiwa nimesimama, mjomba. Au ulitaka unizike nikiwa mtiifu?”