Kivuli cha Harusi Ukutani

Assia, fundi cherehani wa Buyenzi, alikuwa ameshona magauni yasiyo na idadi, lakini tanga la mashua alilishona mara moja tu, kwa ajili ya Mzee Népomuscène, mwalimu mstaafu wa Kanyosha. Ujira alioutaka ni mmoja: apelekwe Ukutani, mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe kando ya ziwa, upande wa Tanzania, alikozaliwa bibi yake.

Wakang'oa nanga Bujumbura siku ya Alhamisi. Ijumaa upepo ukachachamaa. Assia akasoma kila dua aliyoijua, Mzee akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, na mashua ikakimbia kama imetumwa.

Jumamosi asubuhi wakafika. Ukuta ulikuwa mnene kweli, mbuzi wamejilaza juu yake. Lakini langoni watu walikuwa wakihangaika huku na huko. Upepo uleule ulikuwa umeng'oa turubai la harusi na kulitupa ziwani. Wageni walikuwa njiani, na jua lilishaanza kuchoma.

Baba wa bibi harusi, Bwana Uthmani, aliwakaribisha, akawaeleza masaibu yake, kisha akalitazama tanga. Mzee akaelewa kabla hajaombwa.

"Apana! Likipasuka tutarudi Buja na nini? Na shuka?"

"Mzee, mi ndiye niliyelishona," Assia akasema. "Likipasuka nitalishona tena. Lakini hii siku ya bibi harusi ikiharibika, we utaishona?"

Mzee akakuna kichwa, akakubali shingo upande. Hata hivyo hakuamini mafundo ya mtu mwingine. Alikunja suruali, akapanda ukutani mwenyewe na miaka yake sabini na moja, akafunga pembe moja kwenye jiwe. Nyingine mbili zikafungwa kwenye nguzo za baraza. Kivuli kilipotanda uani, vigelegele vikapasua hewa. Bibi harusi, Lubna, akatoka akicheka, hina ikimeta mikononi.

Mzee aliketishwa mbele pamoja na wajomba wa bwana harusi. Kufikia sahani ya tatu ya pilau, alikuwa akimweleza kila mtu kwamba wazo la tanga lilikuwa lake.

Alasiri shangazi wa Lubna, Bi Zubeda, akamuuliza Assia kilichomleta. Assia akataja jina la bibi yake: Mwanaidi binti Shomari.

Bi Zubeda akaweka kikombe chini. "Mwanaidi aliyeolewa Burundi? Dada wa babu yangu huyo! Inuka, mwanangu."

Akamshika mkono, wakapita vichochoro vya mawe hadi kwenye nyumba ndogo alimozaliwa Mwanaidi, yenye kizingiti kilicholika katikati. Assia akakaa pale. Akalia kidogo, akacheka sana.

Jioni akampigia simu mumewe, Massoudi.

"Tutarudi Jumatano."

"Kuna nini? Mashua imeharibika?"

"Apana," Assia akasema, huku Bi Zubeda akimwongezea chai. "Ndugu zangu wamekataa nitoke."