Sentensi Isiyokuwamo Mswadani

Walipompigia simu kumwomba arudi kazini kwa wiki moja, Bi Wino alijifanya ana shughuli zisizoisha. Ana wajukuu, ana goti bovu, ana mambo yake. Alipotajiwa kitabu chenyewe, Mgeni wa Behewa la Saba, goti likapona papo hapo.

Kilikuwa kitabu cha miaka arobaini iliyopita, cha mapenzi na roho juu: binti mpiga taipu anavuka nchi tatu za ugenini kwa treni kumtafuta dada yake aliyepotea, huku akiandamwa na mwanamume wa koti la kijivu ambaye msomaji hajui kama anataka kumwoa au kumsukuma dirishani. Sasa kampuni ya vitabu ilitaka kukitoa upya. Mswada wa mwandishi ulikuwa umepatikana stoo chini ya maboksi ya kalenda, na mhariri alitaka ulinganishwe neno kwa neno na kitabu cha zamani, kwa mtindo wa zamani. Aliyebaki akiujua mtindo huo alikuwa mmoja tu.

Mtindo wenyewe ulikuwa hivi. Watu wawili wanakaa meza moja, wakitazamana. Mmoja, msomaji, ameshika mswada na anasoma kwa sauti kila kilichomo, hata alama: mkato, nukta, fungua usemi, funga usemi. Wa pili, msahihishaji, ana karatasi za majaribio kutoka mtambo wa kuchapa na kalamu nyekundu. Akisikia kitu ambacho hakimo kwenye karatasi zake, anakiandika pembeni kiongezwe. Haombi kuuona mswada, anaamini sikio. Bi Wino aliliamini sikio lake miaka thelathini na moja, na hakuna aliyethubutu kumwambia lina kasoro.

Msomaji wake wa siku zile alikuwa Mkato. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu akizungumza mambo yake mwenyewe hakufika kwenye nukta hata siku moja. "Unajua, mimi nafikiri..." halafu basi, anatazama viatu. Lakini mpe karatasi asome! Sauti ilimtoka nzito, tulivu, mpaka ukatamani sentensi isiishe. Bi Wino alimpenda kupitia maneno ya watu wengine, saa nane kwa siku, akingoja amwambie japo moja la kwake. Posa ya fundi umeme ilipokuja nyumbani kwao, alimtajia Mkato makusudi: Jumatatu natakiwa kutoa jibu. Mkato akatazama viatu. Jumatatu ikafika, Bi Wino akamkubali fundi umeme.

Hakuwa mume mbaya, Mungu amrehemu. Alicheka vizuri na watoto na nyumba yake haikukosa taa. Lakini swali moja lilimkaa Bi Wino kooni miaka yote hiyo: yule mtu alimtaka, au ni yeye tu aliyejitungia? Mwaka juzi alikwenda kumzika Mkato. Alikaa nyuma na wafanyakazi wenzake wa zamani, akampa mjane mkono wa pole, akarudi nyumbani na swali lake. Alijiambia kwamba mtu mwenye neno angelisema. Akajiambia tena na tena, na halikumwingia. Ndiyo maana alikitaka kitabu hiki. Ndicho walichokuwa wakikisoma wiki ile ya posa, na alitamani kukisikia tena, hata kwa mdomo wa mtu baki.

Mdomo wenyewe ulikuwa wa mhariri, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyetafuta miwani yake kila mara, na kila mara ilikuwa kichwani.

"Mama, kweli hata nukta niitaje?"

"Itaje. Usipoitaja nitajuaje kama mtu kamaliza kusema?"

Safari hii mhariri alisoma mswada, Bi Wino akafuata kwenye kitabu kilichochapwa. Siku tatu zikapita kwa ukungu, filimbi, hoteli za baridi na barua zilizochomwa nusu. Mhariri alisoma mbiombio, kama anayewahi foleni. Hata hivyo, kila penye mkato Bi Wino aliisikia sauti ya Mkato nyuma yake.

Siku ya nne wakafika sura ya kumi na saba. Binti ameposwa na tajiri mwenye hoteli na anapanda treni kuwahi meli ya Alhamisi. Mtu wa koti la kijivu ameshika mlango wa behewa.

"Fungua usemi, usipande, mkato, nakuomba, nukta, funga usemi," mhariri alisoma. "Aya mpya. Filimbi ikalia, nukta."

"Umeruka," alisema Bi Wino.

"Sijaruka, mama."

"Mwanangu, macho yangu yamechoka lakini hayajapofuka. Hapa kuna sentensi nzima. 'Usimjibu yule bwana Jumatatu, nipe mimi nafasi kwanza.'"

"Hiyo nimeikariri, nani asiyeijua? Ndiyo watu wanayoipenda kuliko zote. Lakini huku haimo."

Mhariri akaugeuza mswada na kuusogeza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Bi Wino akautazama. Hapakuwa na mstari uliofutwa, wala neno lililochomekwa pembeni.

"Hata mwandishi alilalamika," mhariri akaendelea. "Barua yake imo kwenye faili. Anauliza Jumatatu imetoka wapi, wakati meli inaondoka Alhamisi."

Jumatatu. Kalamu ikamtoka Bi Wino mkononi.

Maana yeye mwenyewe alisema vivyo hivyo mchana ule, wiki ile ya posa. "Huyu mwandishi kachanganyikiwa, Jumatatu gani tena?" Na huku anasema akaiandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, akaridhika kwamba amenasa kosa la mtambo. Mkato hakuwa anatazama mswada. Hakuwa anatazama viatu pia. Alikuwa anamtazama yeye, na alingoja. Naye akamwambia, "Endelea basi, tunachelewa."

Mkato akaendelea. Filimbi ikalia, nukta.

Bi Wino alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Mhariri akasimama, hajui alete maji au afunge mlango.

"Mama, nani aliiongeza?"

"Niliiandika mimi. Aliyeitamka ni msomaji wangu."

Mhariri akakaa tena, polepole. "Alikuwa anakuambia wewe?"

"Alikuwa ananiambia mimi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi, siku hiyo kaimaliza, mpaka nukta kaitaja. Nami nikamsahihisha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wameisoma watu wangapi, hata siwajui. Mimi peke yangu ndiye sikuisoma."

"Basi tuiache, mama. Hatuigusi. Nitamweleza mkurugenzi."

Bi Wino akaiokota kalamu. Akaukata mstari ule wote, na pembeni akaweka alama ya kufuta.

"Haikuandikiwa wao," alisema. "Sasa nisomee tena kuanzia pale mlangoni. Taratibu. Ukifika mahali pake, nyamaza kidogo."

Mhariri akasoma. Safari hii hakukimbia. Kila mkato akaupa haki yake. Alipofika pale akanyamaza, na chumbani ikabaki feni tu inazunguka. Bi Wino aliinua macho akatazama ng'ambo ya meza, juu kidogo ya kichwa cha mhariri, kimo cha mwanamume mrefu aliyekaa.

"Sitamjibu," alisema. "Haya, sema. Nakusikiliza."